Jumapili Tunaanza na Hasara

Usiku nilioiunguza akaunti yangu ya kwanza ya foreksi, biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, mwaka 2019, nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni ili mwanga wa simu usiwaamshe watoto. Shilingi milioni moja na laki nane za Uganda zilikuwa zimekwenda ndani ya wiki tatu. Nilizikusanya kidogo kidogo kwenye kibanda changu cha mobile money hapa Kisenyi, Kampala. Kilichoniuma kuliko ile sifuri ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwambia. Baba watoto alijua nina akiba, hakujua imekwenda wapi. Jirani yangu wa kibanda angesema nimecheza kamari. Mama angelia. Nikaizima simu, nikanawa uso, nikalala.

Miezi michache baadaye nikaanza upya na dola 100, na safari hii nikapata. Oda moja ya pauni, yaani biashara moja unayoifungua na kuifunga, iliniingizia dola 31 mchana mmoja, kati ya mteja na mteja. Nikainua kichwa kutafuta wa kumwambia, sikumwona. Anayefanya foreksi peke yake nyumbani hana bosi wa kumgombeza, wala mwenzake wa meza ya pili wa kumtazama usoni na kumuuliza, leo vipi? Hasara anaimeza mwenyewe na faida anaimeza mwenyewe, na vyote viwili vikikaa sana tumboni vinaharibika. Ile faida ya dola 31 ilinipa kiburi, na ndani ya siku nne nikawa nimeirudisha yote sokoni na zaidi.

Ndipo nikatafuta wenzangu. Kwanza niliingia kwenye kundi kubwa la simu lenye watu zaidi ya mia mbili. Asubuhi hadi usiku ni picha za faida tu: dola 200, dola 450, mtu na gari, mtu na hoteli. Nilikaa humo miezi miwili na sikuona hasara ya mtu hata moja. Nilijua hilo haliwezekani, lakini moyo haukutaka kujua. Ulichosikia ni kwamba mjinga ni mimi peke yangu. Aliyeliongoza kundi alituuzia maelekezo ya kununua na kuuza kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na akatutaka sote tufungue akaunti kupitia kiungo chake. Baadaye nikaelewa utaratibu huo: mabroka wengi, yaani kampuni zinazokuingiza sokoni, humlipa anayewaletea wateja kamisheni kwa kila oda mteja anayofungua, mteja apate au akose. Kwa hiyo kadiri tulivyofungua oda nyingi bila mpango, ndivyo yeye alivyokula. Nilitoka siku hiyohiyo nilipolielewa hilo, na mpaka leo linaniuma, maana niliwaona wajane wakiuza mbuzi ili walipie.

Kilichonirudisha kwenye akili ni kumbukumbu ya mjomba wangu. Alikuwa mbadilisha fedha mpakani Busia, wale wanaokaa chini ya miavuli na mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda mikononi. Nilipokuwa msichana mdogo nilikuwa nampelekea chakula. Mchana walikuwa washindani, wanamgombania dereva mmoja wa lori mpaka unadhani watapigana. Jioni, miavuli ikishakunjwa, walikaa kwenye benchi moja wakaambiana kila kitu: leo nimenunua ghali, leo nimepewa noti bandia ya elfu moja, iko hivi, ishike uone karatasi yake. Noti bandia ilizunguka mkono kwa mkono. Aliyeipokea alikuwa amepoteza pesa, lakini kesho yake hapakuwa na mwingine wa benchi lile aliyeipokea. Hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja alijua zamu yake iko njiani.

Nikasema, ninachotaka ni benchi lile.

Tulianza watu wanne, baadaye watano, kati ya 2019 na 2020. Kuna Afande, mwanajeshi mstaafu wa Bombo. Kuna Mwalimu, anafundisha hesabu Jinja. Kuna Sista, muuguzi wa Arua. Na kuna wakala wa forodha wa Busia, ambaye sote tunamwita Shemeji kwa sababu ameoa kwetu. Hatuna lugha ya nyumbani moja: Mnubi, Msoga, Mlugbara na Wasamia wawili. Tunachozungumza ni Kiswahili. Serikali ilipokikubali mwaka 2022 kuwa lugha rasmi ya pili, Afande alipiga simu kwa furaha akasema wametukuta.

Sharti la kwanza nililileta mimi: Jumapili jioni, kabla soko halijafunguka, kila mtu anasoma oda zake zote za wiki, na anaanza na za hasara. Sharti la pili lilitoka kwa Mwalimu, na bila hilo, lile la kwanza lingekufa. Programu ya MetaTrader, ile tunayofungulia oda, ina manenosiri mawili kwa akaunti moja. La kwanza linafungua kila kitu. La pili ni la kutazama tu: aliyenalo anaona kila oda, saa iliyofunguliwa na saa iliyofungwa, lakini hawezi kununua wala kuuza chochote. Tukapeana yale ya kutazama. Picha ya simu unaweza kuikata pembeni ukabakiza faida. Historia nzima ya akaunti huwezi kuikata.

Jumapili ya kwanza zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na oda 23 za mwezi ule. Nilizisoma mkono ukinitetemeka, nikifika kwenye hasara kubwa nashusha sauti kana kwamba watoto wamelala. Nilipomaliza pakawa kimya. Kisha Mwalimu akaniuliza, "Mama, kibanda unafunga saa ngapi?" Nikasema saa mbili na nusu usiku. Akasema oda 15 kati ya zile nilizifungua baada ya saa tatu usiku, na 12 kati ya hizo ni hasara. Zile nane za mchana, tano zilikuwa na faida.

Miezi mingi nilikuwa nasoma chati, nabadilisha mbinu, nanunua masomo, na tatizo lilikuwa saa. Soko la London huwa limeshafunga saa moja au saa mbili jioni kwa saa zetu, kutegemea majira yao. Muda wenye nguvu zaidi ni pale London na New York zinapokuwa wazi pamoja, kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri. Baada ya hapo mwendo hupungua, na usiku wa manane tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza hutanuka. Mimi nilikuwa naingia nimechoka, miguu imevimba, nikitafuta kurudisha siku iliyopotea. Peke yangu nisingeliona hilo hata kwa miaka kumi, kwa sababu kila usiku ule nilikuwa na sababu yangu nzuri.

Jambo la kutotaja fedha lilikuja baadaye, kwa machungu. Mmoja wetu alionyesha nyumbani kwao kwamba amepata dola 300, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameombwa ada za watoto watatu wa ukoo. Alipokataa akaitwa mchoyo, na mwezi uliofuata, alipopoteza, hakuna aliyemwamini. Hata sisi wenyewe kwa wenyewe dola zilituharibu: mwenye akaunti ya dola 200 alikuwa anajilazimisha oda kubwa ili asionekane mdogo mbele ya mwenye 2,000. Kwa hiyo sasa tunahesabu kwa kipande. Kipande ni kiasi ambacho umekubali kukipoteza kwenye oda moja kabla hujaifungua. Kwangu ni asilimia moja ya akaunti. Matreda wa kwingine hukiita R. Ukisema "wiki hii nimepoteza vipande viwili, nimepata vitatu na nusu," tunajua jinsi ulivyofanya kazi bila dola kutajwa.

Hatupeani maelekezo ya nini cha kununua, na hilo tulilijua kwa gharama. Mwaka 2020 Afande alikuwa na hakika na dhahabu, na sote tukamfuata, watano, siku moja. Ikatuangukia sote. Iliyofuata ilikuwa Jumapili mbaya kuliko zote, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyebaki nje wa kutuambia tumekosea wapi. Tangu hapo tunashirikishana matokeo, siyo mawazo ya kesho.

Sasa Januari 2021.

Jumatano tarehe 13, asubuhi, nilinunua euro ikiwa karibu na dola 1.2200, ukubwa wa oda loti 0.02, kila pipu, yaani hatua ya 0.0001 ya bei, ikiwa senti 20 za dola. Akaunti ilikuwa na dola 800. Stopu, yaani bei ambayo oda ikifika hapo inajifunga yenyewe, niliiweka pipu 40 chini: dola nane, kipande kimoja. Alasiri bei ikaanza kuisogelea stopu ile, na mimi nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimeahidi mbele ya watu wanne kwamba sitalifanya tena. Nikaiondoa. Nilijiambia naipa nafasi ipumue, nitaiangalia usiku.

Usiku ule intaneti ilizimwa nchi nzima, kesho yake ni uchaguzi. Stopu ikiwepo hukaa kwa broka, simu yako hata ikiwa mtoni itafanya kazi yake. Yangu haikuwepo. Alhamisi nzima nilikaa kwenye kibanda kisicho na kazi, naangalia simu isiyoonyesha kitu. Baba watoto akaniuliza ninaumwa wapi.

Ijumaa nikampigia Shemeji, maana simu za kawaida zilikuwa zinapita. Busia mtandao wa Kenya unavuka mpaka bila pasipoti, na yeye ana laini ya ng'ambo. Akaingia kwa lile nenosiri la kutazama, akaniambia, "Imeshuka, dada. Uko chini karibu vipande viwili, na stopu siioni." Nikanyamaza. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu: "Jumapili ulisema mwaka huu unatoka kwenye kipande kimoja au viwili?" Nikasema kimoja. Akasema, "Basi nipe lile nenosiri jingine."

Nilimsomea herufi kwa herufi, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. B kubwa kama Busia. Saba. Samaki, herufi ndogo. Alikosea mara moja, tukarudia. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, akasema imefungwa, dola 16. Vipande viwili badala ya kimoja. Jioni ile euro ilikuwa chini ya 1.21, na mimi ningekuwa bado nimo, gizani, nikiomba. Mtandao uliporudi Jumatatu tarehe 18, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha nenosiri, naye ndiye aliyenikumbusha.

Dola 16 ni kidogo, najua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuunguza akaunti moja, na iliungua kwa njia hiyohiyo, stopu moja iliyoondolewa na usiku mmoja wa kusubiri. Tofauti ilikuwa mtu mmoja aliyeijua ahadi yangu na aliyekuwa na haki ya kuniuliza.

Si kila aliyesoma hesabu zake alibaki kwenye biashara hii, na sioni kwamba hilo ni pungufu la benchi letu. Mwalimu alitusomea kwamba wasimamizi wa masoko wa Ulaya walitangaza mwaka 2018 kwamba akaunti za wateja wadogo kwenye mikataba ya aina hii kati ya asilimia 74 na 89 zinapoteza fedha. Sista alisikiliza, akaomba tuzihesabu za kwake za miezi kumi na minne. Zilikuwa vipande 38 chini. Tulizihesabu pamoja mara mbili, polepole. Akalia kidogo, akafunga akaunti, na sasa ananunua hati fungani za serikali, ambazo unaweza kuanza na shilingi 100,000. Jumapili bado anakuja, na anasikiliza kuliko sote. Mimi mwaka 2022 nilimaliza vipande 11 juu, mwaka 2023 vipande vinne chini. Kibanda sijakifunga na sina mpango wa kukifunga.

Mwaka huu alikuja kibandani kijana wa bodaboda wa stendi ya jirani, amesikia kwamba tuko kundi. Akanionyesha picha ya faida ya dola 60, uso unang'aa. Nikamwambia nafurahi, aniletee historia yote ya akaunti. Akaondoka bila kuaga. Nilidhani nimempoteza, lakini baada ya wiki mbili alirudi, kofia ya pikipiki mkononi, akanipa nenosiri la kutazama limeandikwa nyuma ya risiti ya mafuta.

Jumapili iliyopita alisoma wa kwanza. Oda 11, saba za hasara. Alipofika ya nne sauti ikamkatika. Afande akamwambia, "Soma tu, mwanangu, tunakusikiliza," na akasoma mpaka mwisho.