Land Rover ya marehemu baba: injini ilichemsha, kumbe moto wa plagi unachelewa

Injini iko ndani ya gari, inawaka, na kwa siku nne ilininyima usingizi. Naandika yote kabla sijasahau, maana kosa lililonisumbua ni dogo na linaweza kumpata yeyote anayefufua injini ya zamani.

Kwa aliyefika leo: hii ni Series III ya chasi ndefu, 109 (inchi kati ya ekseli mbili), injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Baba aliiegesha chini ya mwembe, Nkuhungu, na ikakaa hapo miaka mingi. Bloku imechongwa, pistoni na ringi ni mpya, beringi za kranki mpya. Upande wa ekzosti nimeweka viti vya valvu vya chuma kigumu. Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti visiliwe. Tangu mwanzo wa 2006 nchi zetu za kusini mwa Sahara zimeachana nayo, kwa hiyo nikaona nisiache hapo nafasi ya kujuta.

Jumapili asubuhi

Iliwaka kwa jaribio la tatu. Nilivuta chok (inayoongeza petroli injini ikiwa baridi), mpwa wangu akawa kwenye ufunguo, mimi nikiwa mbele na taa ya taimingi, inayoonyesha cheche ya plagi inapigwa wakati gani. Ilikuwa inazunguka kama mara 1,300 kwa dakika. Nikageuza distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, taratibu hadi alama ikasimama kwenye digrii 6 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, kama mwongozo unavyoelekeza kwa kichwa cha uwiano wa mgandamizo wa 7 kwa 1. Nikakaza boliti. Mpwa akapiga kelele, "Mjomba, imekubali!" Mama alitoka ndani na kanga begani, akasimama kuisikiliza bila kusema neno.

Dakika kumi na tano baadaye mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Nikazima.

Jumapili mchana hadi Jumanne

Kila aliyepita getini alisema rejeta. Na mimi niliamini, kwa sababu maji ya visima vyetu hapa Dodoma ni magumu. Angalia birika lako la chai utaona tabaka jeupe ndani. Tabaka hilo hilo hujishika kwenye njia za maji za injini na kuzuia joto lisitoke. Lakini bloku ilikuwa imesafishwa, na rejeta nimeiweka mpya ndani. Nilimimina maji juu, yakatoka chini kwa kasi ile ile.

Nikatoa themostati, kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, ya nyuzi 82. Nikaining'iniza kwa uzi kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kipimajoto pembeni. Ilianza kufunguka kwenye 81, na kufika 92 ilikuwa wazi kabisa. Nzima. Katika zoezi hili mpwa alidhani kipimajoto kimeharibika kwa sababu maji yalitokota na kusimama kwenye 96. Hakijaharibika. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kabla ya 100. Kwa gari hili ni jambo zito: mfuniko wa rejeta wa paundi 9 ukiwa mzima unabana mfumo hadi maji yapite nyuzi 110 bila kuchemka, lakini mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 96, na hapo huna akiba yoyote. Nimenunua mpya.

Halafu nikaanza kuishuku geji yenyewe. Kwenye Series III geji ya joto na geji ya petroli zinalishwa na kidhibiti kimoja cha umeme nyuma ya dashibodi, kinachotoa wastani wa volti 10. Tangi lilikuwa nusu, petroli niliimimina mwenyewe kwa madumu, lakini geji ya petroli ilionyesha limejaa. Geji mbili zikidanganya kwa pamoja, usihangaike na geji. Nilikuta waya wa ethi wa kidhibiti, ule unaofungwa kwenye bodi, umelegea kwenye bati lenye rangi. Nikaukwangua, nikaufunga upya.

Nikawasha tena, safari hii na kipimajoto cha kuazima, kile cha kuelekeza kama bastola. Kwenye nyumba ya themostati nilisoma 99. Mshale ulikuwa umetia chumvi, lakini joto lilikuwa la kweli. Themostati ya 82 injini ikinguruma tu chini ya kivuli haina sababu ya kufika huko.

Jumanne jioni

Giza lilikuwa linaingia, bado tumeinamia injini, mpwa akaniuliza kwa nini bomba la ekzosti limekuwa jekundu. Pale linapoungana na kichwa lilikuwa limeiva kama kaa la moto linalokaribia kuzimika. Mchana tusingeliona.

Nikampigia simu fundi mmoja mzee wa Majengo, aliyeshika Land Rover tangu ujana wake. Alikuja asubuhi kwa baiskeli. "Mbukwenyi," akasalimia, tukaitikia, na hakuiangalia rejeta hata kidogo. Alienda nyuma ya gari, akasikiliza ekzosti kwa muda mrefu, mkono umeshika bodi.

"Mwanangu, moto wako unachelewa. Taimingi uliitega injini ikiwa ya baridi au ya moto?"

"Ya baridi, mzee. Ilikuwa ndiyo imewaka."

"Na chok?"

"Ilikuwa nje."

Akatikisa kichwa, akaomba kiti.

Ndani ya distributa kuna vyuma viwili vyenye springi. Injini ikizunguka kwa kasi, vyuma vinatanuka na kuwahisha cheche. Kwenye mizunguko 1,300 vilikuwa vimeshaanza kazi. Zile digrii 6 nilizoziona Jumapili hazikuwa za kwangu. Nilikopeshwa na vyuma. Injini ilipopata joto, chok ikarudi ndani, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikashuka hadi 600 kwa dakika, vyuma vikajikunja na kuchukua mkopo wao. Tulipiga taa palepale: alama ilikuwa digrii 2 baada ya pistoni kufika juu. Nimechelewa kwa digrii 8.

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote papo hapo, unahitaji muda. Cheche inapigwa mapema kidogo ili msukumo mkubwa umkute pistoni ndiyo kwanza anaanza kushuka. Ukichelewa, pistoni ameshaondoka na moto unamfuata nyuma. Nguvu inapotea, na valvu ya ekzosti inafunguka huku gesi bado inawaka. Moto huo unapita kwenye valvu, kwenye kichwa, kwenye bomba, na maji yaliyozunguka njia hizo ndiyo yanayoubeba. Rejeta yangu mpya ilikuwa inafua nguo za mtu mwingine.

Jumatano

Tulianza upya kwa utaratibu wa mzee. Kwanza pointi, vidomo vya ndani ya distributa vinavyoachana ili cheche ipigwe. Pengo lake: milimita 0.38, katikati ya 0.35 na 0.40. Pengo linatangulia taimingi, kwa sababu ukiligusa pengo baadaye umeshaihamisha taimingi bila kujua. Pili, tukahakiki alama yenyewe, maana puli niliitoa na kuirudisha. Nilichukua plagi mbovu, nikatoa kauri, nikachomelea boliti ndani yake, nikaifunga kwenye silinda namba 1. Unazungusha kranki kwa mkono hadi pistoni iguse boliti, unaweka alama kwa chaki. Unazungusha kinyume hadi iguse tena, unaweka nyingine. Katikati ya chaki mbili ndiyo juu kabisa. Ikalingana na alama ya kiwandani. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Kisha tukaiacha ipate joto la kazi. Mzee hakutaka dakika zangu. Alitaka bomba la juu la rejeta liwe la moto mkononi, kwamba themostati imefunguka. Chok ndani, sailensa 550, mpira wa vakyumu, unaowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, umetolewa na kuzibwa. Hapo ndipo tukageuza distributa hadi digrii 6 kabla.

Mlio ulibadilika kabla sijakaza boliti. Ukawa mzito, umetulia, na ilibidi nishushe sailensa maana ilipanda yenyewe. Nyumba ya themostati: 84. Baada ya nusu saa: 85. Jioni tulizima taa ya uani makusudi kuangalia ekzosti. Nyeusi.

Alhamisi

Nimepanda nayo mlima wa Iyumbu kuelekea chuo kikuu, watu wanne ndani, jua la saa nane. Juu kabisa nilisoma 89, ikashuka yenyewe kwenye tambarare. Nilijaribu digrii 9, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, silinda hazijai kama za pwani na injini inavumilia cheche ya mapema zaidi. Gia ya nne, mafuta mpaka chini, nikasikia ule mlio wa kokoto ndani ya kopo. Nikasimama, nikarudisha hadi 7. Kimya. Kugonga huko hutoboa pistoni, na pistoni hizi nimezilipia miezi mitano. Siku nikishuka nayo Dar es Salaam nitairudisha 6 kabla ya kuondoka.

Leo nimekaza upya boliti za kichwa na kupima valvu, milimita 0.25 zote nane. Pointi mpya huliwa kisigino (sehemu inayosuguana na mhimili wa distributa) mwanzoni, pengo linapungua na cheche inaanza kuchelewa tena kidogo kidogo, kwa hiyo nitaipima taimingi nikifikisha kilomita 300. Nimebakiza 212. Mama ameuliza kama itaweza kumfikisha Mpwapwa kwa dada yake, nikamwambia Jumapili ya wiki ijayo.