Siku tulipotoka kwenye setilaiti

Mwaka 2009 nilikuwa fundi msaidizi kwenye intaneti kafe moja Kariakoo, Dar es Salaam. Juu ya paa tulikuwa na dishi, na kila kilichoingia au kutoka kilipitia setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Wateja walilalamika kila siku kwamba mtandao mzito. Bosi akanunua kasi zaidi, bili ikapanda, malalamiko yakabaki palepale.

Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, na miezi michache baadaye faiba, nyaya zinazopitisha data kwa mwanga, ikafika jengoni kwetu. Fundi mkuu, niliyemwita Kaka, hakugusa waya wowote kwanza.

"Mdogo wangu, piga ping London, tuone tunaacha nini."

Ping hutuma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, na kupima muda mpaka jibu lirudi. Majibu yakashuka kwenye skrini polepole: milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 640, 655, 638.

"Sasa piga hesabu."

Pakiti inapanda hadi setilaiti, inashuka upande wa pili. Jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde inaishia angani kabla ruta yoyote, kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, haijafanya kazi yake. Umbali ule hauondolewi kwa kulipa bili kubwa.

Kisha akaniingiza kwenye TCP, ambayo pamoja na IP ni kanuni za kompyuta kupeana data mtandaoni, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Chuoni nilikariri kwamba IP hupeleka pakiti kwa kufuata anwani bila kuahidi kuwa zitafika, na TCP huzipa namba, huzipanga na kutuma upya zilizopotea. Nilichokuwa sijakiona ni gharama ya kungoja. Mtumaji hutoa kiasi fulani cha data, halafu husimama mpaka upande wa pili ujibu kwamba umepokea. Kwenye mashine zetu kiasi hicho hakikuweza kuzidi baiti 65,535. Zigawe kwa sekunde 0.64: unapata kama kilobaiti 100 kwa sekunde. Faili moja lisingevuka hapo hata bosi angenunua kasi mara kumi. Zilikuwepo modemu, vifaa vya kutuunganisha na setilaiti, za bei mbaya zenye ujanja wa kujibu kwa niaba ya upande wa pili, lakini yetu haikuwa mojawapo.

Jioni Kaka akachomoa waya wa modemu ya setilaiti kwenye ruta, akachomeka wa faiba, akaweka anwani mpya ya IP. Nikarudia amri ileile: 188, 190, 187. Nikapiga kelele mpaka wateja wakageuka. Tukapiga na tracert. Amri hii hutuma pakiti zenye uhai mfupi, unaohesabiwa kwa ruta: ya kwanza moja, kisha mbili, na kuendelea. Kila ruta hupunguza moja, na ile inayokuta uhai umefika sifuri huitupa pakiti na kurudisha taarifa. Kwa njia hiyo ruta za njiani zilijitaja moja baada ya nyingine, kutoka mjini kwetu mpaka Ulaya, na tukaona njia yetu mpya ikipita chini ya bahari. TCP ilikuwa ileile, kompyuta zilezile. Kilichofupishwa ni njia.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila wiki kuzungumza na mwanawe aliyekuwa akisoma Uingereza. Kwenye setilaiti walikuwa wakigongana maneno: mama anadhani kijana amenyamaza, anaanza kusema, kumbe jibu lilikuwa njiani. Wakazoea kumalizia kila sentensi kwa "haya, sema wewe." Jioni ile alivaa spika za masikioni, akasalimia, akasema "haya, sema wewe," na mwanawe akawa ameshajibu. Mama akanigeukia, "Mwanangu, huyu amerudi lini Dar?"

Nikamwambia yuko hukohuko. Hakuniamini mpaka kijana alipomwonyesha dirishani, mvua ikinyesha. Wakaanza kubishana kuhusu nani hakumpigia simu shangazi sikukuu ya Idi, wakikatizana kila neno, na hakuna aliyesema tena "sema wewe."