Siku moja gereji Mkuyuni, Mwanza: 504 ya mzee na breki zinazojifunga

Saa 12:40 asubuhi

Dogo, msaidizi wangu, hajafika. Nakunja turubai, na Peugeot 504 ya mzee iko palepale nilipoiacha jana: ya mwaka 1978, rangi ya maziwa, kromu zinang'aa. Tuliikarabati miezi kumi na moja, bati kwa bati. Naweka gia huru, nalisukuma gari kwa mkono mmoja, linateleza kama baiskeli. Hapo ndipo linaponiudhi. Likiwa limepoa halina kosa lolote.

Mwenyewe anaishi Sengerema. Zamani akija mjini alipanga foleni ya kivuko pale Busisi, gari linapoa, anavuka, anafika kwangu anacheka. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji bila kusimama, na tangu hapo akikaribia Usagara gari linakuwa zito, rimu za mbele zinatoa harufu ya kuungua. Mzee analilaumu daraja.

Mimi nililaumu kalipa, vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski. Wiki mbili zilizopita nilizifungua zote mbili za mbele, nikakuta kutu kidogo kwenye pistoni, nikabadilisha sili, nikamtoza 80,000. Akarudi na ugonjwa uleule. Sijalala vizuri tangu juzi.

Saa 2:15

Mzee anashuka kwenye bajaji na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vikavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka mzima, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipima gari likiwa limepoa. Leo tunalichemsha kwanza. Tunaenda Usagara na kurudi, mimi nimeshika usukani, yeye pembeni ananisimulia kwamba mwaka gari hili lilipoundwa ndio Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally na 504. Ile ilikuwa kupe yenye injini ya V6, hili ni la silinda nne la kubebea familia, lakini sibishani na mzee barabarani.

Tukiwa Buhongwa naanza kuisikia kwenye mguu. Pedali imepanda juu, imekuwa ngumu, haina ule mchezo wa mwanzo. Nyegezi naachia mafuta, na gari badala ya kuteleza linajisimamisha lenyewe.

Saa 3:30

Hapa hakuna kunawa wala chai, likipoa ushahidi umepotea. Jeki, stendi, matairi yote manne juu. Dogo anadondoshea maji rimu ya mbele, yanachemka na kukauka hapohapo. Ya mbele hayazunguki kabisa. Ya nyuma yanazunguka kwa kusukumwa, unasikia drami zinakwaruza.

Nafungua nipo ya kushoto mbele, kile kiskrubu cha kutolea oili na upepo, robo mzunguko. Oili ya breki inaruka *pssh*, kisha inatulia. Tairi la kushoto limeachia. Namwambia dogo azungushe la kulia. Nalo limeachia!

Nikakaa chini kwenye tairi bovu. Kama ingekuwa kutu kwenye kalipa, kufungua nipo kusingesaidia kitu, pistoni ingebaki imeng'ang'ania. Kama ingekuwa mpira unaopeleka oili kwenye breki ya kushoto umeziba kwa ndani, la kulia lisingeachia, kwa sababu kila upande una mpira wake. Presha imefungiwa huko juu, kabla njia hazijagawanyika.

Ya nyuma bado mazito. Nachukua spana, nalegeza nati mbili zinazoshika masta, yaani pampu ya oili ya breki, kwenye busta, lile kopo linaloongezea mguu nguvu, naivuta masta mbele kama milimita mbili. "Zungusha ya nyuma." Dogo anazungusha kwa kidole.

"Kwa hiyo zile kalipa?" Mzee anauliza.

"Zilikuwa nzima, mzee. Nilikosea."

Anatafuna tobolwa polepole. "Tutahesabu jioni."

Saa 4:30

Masta ya asili ilikuwa imeliwa na kutu, ya kwake haikupatikana, tukafunga ya gari jingine iliyolingana matundu. Iliingia vizuri mno, hata tulijisifu. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo cha kurudishia oili kwenye kikopo, na pistoni isiporudi mpaka mwisho inakifunika. Oili ikipata joto inatanuka, njia ya kurudi hakuna, inasukuma pedi, pedi zinazidisha joto, na mchezo unaendelea hivyo mpaka gari lisimame.

Kinachoizuia pistoni ni kile kijiti cha busta kinachoisukuma, kirefu mno kwa masta hii. Kipimo chake hukioni ukishafunga. Naenda kwa mama ntilie jirani, naomba donge la unga wa chapati ukubwa wa punje ya mahindi. Nalifunika na nailoni, naliweka ncha ya kijiti, nafunga masta, nakaza, nafungua tena. Katikati ya donge kuna tundu safi, chuma kimegusa chuma.

Kijiti kina nati ya kurekebishia kichwani, shukuru Mungu, vinginevyo ningekuwa nasaga. Naiingiza kidogo, napima. Bado. Mara ya tatu unga unabaki umelala mwembamba kama sarafu, chini kidogo ya milimita moja. Nikiacha zaidi, pedali itaanza kuzama.

Dogo ameshakaribia kuosha masta kwa petroli. Namkamata mkono. Petroli ikigusa raba za breki zinavimba, halafu tutarudi hapahapa kwa njia nyingine.

Saa 7

Ugali na sato.

Saa 8

Oili yote inatoka. Imeungua, imekuwa rangi ya chai ya rangi. Oili mpya ya breki ya daraja la DOT 4 haichemki chini ya nyuzi 230, lakini oili hii hunyonya maji hewani, na iliyokwisha kupikwa siiamini. Tunatoa upepo, tukianza na tairi la mbali. Dogo anakanyaga, anaita "shika!", nafungua, nafunga.

Saa 9:40 alasiri

Usagara tena. Mzee ndiye dereva, na anapiga breki kila mahali, hata pasipo na kitu. Tukirudi gereji anashuka, anaweka kiganja kwenye rimu ya mbele, anakiacha hapo. Ni ya moto kiasi cha kikombe cha chai. Tunalipandisha jeki hivyohivyo na yote manne yanazunguka.

Saa 11 jioni

Hesabu: oili 24,000. Kazi ya leo sikuandika kitu, na zile 80,000 za kalipa namrudishia 50,000, kwa kuwa sili mpya amebaki nazo. Mzee anazihesabu, ananirudishia elfu kumi. "Ya dogo." Anaondoka kuelekea darajani kabla giza halijaingia.

Mama ntilie anapitisha daftari lake la madeni. Sato wawili, ugali, na chini kabisa ameandika: unga wa fundi, 200.