Kesi yangu ya ovataimu ilivyohamishwa federali, na nilivyoirudisha

Bahasha ilifika asubuhi nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, nikaona neno moja tu: federali, yaani mambo ya serikali kuu ya Marekani, siyo ya jimbo. Sisi wahamiaji huku Marekani ukisikia hilo neno unawaza kukamatwa na kurudishwa kwenu, nikaificha ile barua siku nne nzima, hata mke wangu sikumwambia.

Kumbe ni kesi yangu ile ile. Nilikuwa nimefungua mwenyewe bila wakili kwenye mahakama ya jimbo, naidai kampuni niliyoifanyia kazi ya stoo, manake nilikuwa napiga masaa 55 mpaka 60 kwa wiki na nalipwa kama nimefanya 40. Kwenye hati ya madai nikaandika sheria zote mbili, ya jimbo na ile ya federali ya 1938 inayosema ukipita masaa 40 kwa wiki kila saa ya ziada unalipwa mara moja na nusu, nikiamini sheria zikiwa nyingi jaji atanisikiliza zaidi.

Hapo ndo nilipowafungulia mlango. Ukidai kwa sheria ya federali, uliyemshtaki ana haki ya kuipeleka kesi mahakama ya federali, na Mahakama ya Juu ya Marekani, ile ya mwisho kabisa, ilishasema mwaka 2003 kwamba hata kesi za ovataimu za sheria hiyo zinahamishika. Kuna njia nyingine ya kuhamisha, mkiwa watu wa majimbo tofauti na pesa inayodaiwa inazidi dola 75,000, ila mimi na kampuni ni wa jimbo moja na dai langu halikufika hata theluthi ya hapo.

Kilichoniuma ni kwamba hawaombi ruhusa kwa mtu. Wanapeleka taarifa federali, wanakutumia nakala, wanaipa nakala mahakama ya jimbo, na hapo hapo ya jimbo inasimama. Wanapewa siku 30 tangu wakabidhiwe kesi rasmi, na wadaiwa wakiwa wengi lazima wote wakubali. Wakichelewa unaweza kuomba irudishwe, lakini na wewe una siku 30 tu za kulalamikia kosa la namna hiyo, zikipita basi. Nikahesabu siku zao kwa kidole kwenye kalenda, wakawa wamepeleka siku ya 26, hawakukosea kitu.

Nikaenda kwa dada mmoja wa msaada wa sheria, akasoma karatasi zangu kimya muda mrefu halafu akaniuliza, kaka, hii sheria ya federali unaihitaji kweli? Akanieleza kwamba Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyoanzia kwenye chakula cha mbwa na paka, wakasema mdai akirekebisha hati yake akaondoa madai yote ya federali, basi mahakama ya federali haina tena mamlaka na kesi inarudi jimboni. Na ukiwahi ndani ya siku 21 baada ya kampuni kuwasilisha majibu yake, kurekebisha mara ya kwanza huombi ruhusa ya jaji.

Ila sikukubali palepale, nilikaa nalo siku mbili, manake ukiliacha dai umeliacha. Niliweza kwa sababu jimbo letu lina sheria yake ya ovataimu inayonilipa vile vile. Ndugu yangu ukiwa Alabama au Mississippi, ambako jimbo halina sheria hiyo, usithubutu kufanya nilichofanya mimi, ya federali ndo tegemeo lako, pigana huko huko, na jua tu kwamba huko raia wanaoitwa kusikiliza kesi na kuiamua, wanaitwa jury, wote lazima wakubaliane kwenye uamuzi wakati majimbo mengi hayadai hivyo kwenye kesi za madai.

Nikaandika hati upya, sheria moja tu, kurasa sita. Jaji wa federali akairudisha, nikaenda dirishani kwa karani wa jimbo na mke wangu pembeni, na faili letu lilikuwa bado na namba ile ile ya mwanzo.