Siku yangu moja operesheni: safari ya watu watano, Serengeti, Februari

Watu wakisikia nipo kampuni ya utalii Arusha wanajua kila siku nabarizi na simba. Wapi bana. Mi nipo operesheni, napanga ratiba za wageni, yaani kiti, simu mbili, daftari na kikombe cha chai iliyopoa, na mbugani mara ya mwisho nilienda mwaka juzi kupeleka tairi. Hii ni jana, Jumanne ya kawaida kabisa.

Saa 11 alfajiri

Simu inatetema chini ya mto. Ni mama mmoja wa Marekani, kwao bado ni jana usiku saa 3, wameshakula wameshiba sasa ndio maswali yanaanza. Wanakuja mwezi ujao, baba, mama, watoto wawili na bibi wa miaka 74. Anasema wameangalia video, wanataka kuona nyumbu wakivuka mto wenye mamba. Februari!

Nikakaa kitandani nikaandika na macho yamefumba nusu. Kule Mto Mara, upande wa Kogatende kaskazini ya hifadhi, nyumbu wanavuka kuanzia kama Julai mpaka Oktoba. Februari wako kusini kabisa, Ndutu na zile mbuga za nyasi fupi, wanazaa. Na hawaendi kule kwa bahati mbaya, udongo wa kule ni majivu ya volkano, nyasi zake zina madini mama anayenyonyesha anayahitaji. Nikamwambia mto hutauona mama yangu, ila utaona ndama anazaliwa na baada ya dakika chache anakimbia na mama yake, na fisi anasubiri pembeni. Akajibu "oh". Sijui oh ya furaha au ya kughairi. Nikalala tena dakika kumi.

Saa 2 asubuhi

Daladala kutoka Sakina, mtori na chapati moja hapo nje ya ofisi. Hakuna cha kusimulia.

Saa 3 na nusu

Nafungua imeli, kambi tuliyobuku Seronera, katikati ya hifadhi, tangu mwaka jana imeandika kwa heshima sana kwamba imejaa, wageni wetu wamehamishiwa kambi yao nyingine ya kaskazini "kwa bei ile ile". Nikapiga.

"Dada samahani sana jamani, lakini ni Serengeti hiyo hiyo."

Serengeti hiyo hiyo! Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763. Kutoka Seronera mpaka Kogatende ni masaa manne mpaka matano barabara ikiwa kavu, na hawa wanatokea Ndutu, huko chini zaidi, wana bibi na watoto, na wakifika huko Februari nyumbu hamna. Nikamwambia dada yangu, mtu akibuku chumba Arusha ukampeleka Babati utamwambia ni Tanzania hiyo hiyo? Akacheka, mi sikucheka.

Saa 6 na dakika 40

Nikiwa bado nahangaika na kambi, anapiga dereva wetu mmoja, chalii mdogo ana mwaka wa pili tu, yuko na safari nyingine inayotoka leo. Amepata pancha ya pili, spea alishaitumia asubuhi, anasubiri gari la kampuni nyingine limwazime tairi. Permit yake inaisha saa 8 na dakika 20.

Kwa msiojua, ada ya Serengeti inahesabiwa masaa 24 tangu mlipoingia getini, usiku mbili ni masaa 48, ukizidisha unalipa siku nyingine. Msimu huu mgeni mkubwa wa nje ni dola 70 bila VAT, ukiweka asilimia 18 inakuja 82.60, na gari lilikuwa na watu wanne.

Alifika Naabi, geti la kutokea, saa 8 na dakika 41. Dakika ishirini na moja. Dola 330.40.

Sasa pancha ni pancha, ila kosa lilikuwa langu. Ratiba niliandika mimi, na niliandika walie lanchi Seronera kabla ya kutoka, kwa hiyo hata bila pancha walikuwa wanakimbizana na saa, na mbugani mwisho ni kilomita 50 kwa saa, huwezi kukanyaga mafuta. Nikamwambia bosi mwenyewe kabla hajaiona. Hakusema kitu, alivua tu miwani akaifuta na shati, muda mrefu.

Saa 9

Nikamfuata Babu. Ni dereva wetu mkongwe, ofisi nzima tunamuita hivyo, siku akiwa hana safari anakaa chini ya mwembe anasafisha darubini. Nikamuonyesha ratiba ya Februari. Akachukua penseli, akageuza karatasi upande mtupu, wala hakuchora ramani, akaandika masaa tu.

"Mjukuu wangu, hawa mbona unawaingiza Naabi saa 5? Unawahi wapi?"

Mi nilidhani kuwahi ni vizuri. Kumbe hapana, asubuhi yote wabaki na nyumbu wa Ndutu, kule wanahesabika upande wa Ngorongoro ambako wameshalipia, wakifika Naabi wale lanchi boksi zao palepale getini, watoto wapande kile kilima wachoke, ndio permit ichukuliwe saa 7 na nusu. Kila nusu saa unayochelewa kuingia unaikuta siku ya kutoka. Miaka mitano niko kiti hiki sijawahi kuifikiria hivyo.

Saa 10

Nimepata kambi nyingine Seronera, ndogo, mahema nane, wameshikilia vyumba masaa 48 nilete dipoziti. Ghali kidogo. Ile ya kwanza nimewaandikia warudishe hela, tutaona.

Halafu bibi. Mgongo wake hauwezi kurudi na gari mpaka Arusha, kwa hiyo yeye na mama watapanda ndege ndogo Seronera, kama lisaa tu. Mzigo ni kilo 15, begi laini. Mama katuma picha ya sanduku la bibi: gumu, la njano, lina magurudumu manne na kufuli, kubwa kiasi kwamba mjukuu amekaa juu yake miguu haigusi chini. Nikapendekeza sanduku lipande gari na bibi apande ndege na kibegi cha mgongoni. Nikaongeza, nguo za bluu na nyeusi waache, mbung'o wanazipenda.

Saa 3 usiku

Niko nyumbani nakula makande, mama kajibu. Wamekubali Ndutu, wamekubali kambi, bibi amekubali kuachana na sanduku lake ila anauliza nani atakaa nalo. Nikamuandikia Babu. Akajibu na voisi noti, kuku wanasikika nyuma, mwambie nitalifunga mkanda kiti cha mbele. Halafu akatuma nyingine fupi: "Na lanchi siku ya kutoka pia uiandike Naabi, usisahau tena."

Nikafungua laptopu.