Siku moja gereji Mtwara: tunafunga tabo ya bei rahisi kwenye Roadster ya 1990

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Chuno kwa miguu kwenda gereji Vigaeni, jua la huku likishakaza hutembei huo umbali ukafika na nguvu zako, bora mapema. Napitia kwa mama muuza mihogo, nakula na chai ya rangi, nafungiwa na ya dogo. Dogo ni kijana wa VETA yupo kwangu field, anashika vitu haraka na maswali yake hayaishi, mimi napenda hivyo.

Leo ndo siku ya tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili ibane hewa iingie nyingi kwenye injini) kwenye gari ya shemeji. Kazi za chini tulishamaliza, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilishashushwa ikachomelewa njia ya kurudisha oili, nozeli kubwa za kupulizia petroli zipo ndani, leo ni kuunganisha na kuwasha, ikikubali tutembee nayo.

Saa moja na kitu tunaisukuma nje ya banda tupate mwanga. Ni Mazda, ile ndogo ya siti mbili yenye paa la turubai, Japani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster, hii ya 1990, gia za mkono, injini B6 ya cc 1600. Shem ana mikorosho Tandahimba na msimu uliopita ulimkalia vizuri, akaagiza hii. Kutoka kiwandani ina nguvu za farasi 120 na uzito haufiki tani moja. Kuna watu walimshauri atupe injini aweke kubwa ya silinda sita, mimi nikamwambia shem ukifanya hivyo umeua gari, pua inakuwa nzito na ile raha ya kukata kona ndo basi tena, wakati hiyo raha ndo gari yenyewe. Tabo ndogo inaiacha ilivyo, inaiongezea pumzi tu. Na bahati nzuri bloku ya B6 ni chuma kabisa, Mazda wenyewe waliwahi kuifungia tabo injini ya ukoo huu kwenye 323 za miaka ya 1980, ila wao walishusha compression, yaani kiasi ambacho silinda inabana mchanganyiko, na yetu imebaki 9.4 ya kiwandani, kwa hiyo kuna mpaka wa presha ambao hatuuvuki na hilo nilimwambia kabla hajatoa hata shilingi. Jingine lililonifanya nikubali kazi ni kwamba silinda zote nne tulizipima presha zikawa karibu sawa. Ingekuwa moja imelala ningemwambia tengeneza injini kwanza, tabo kwenye injini iliyochoka inamalizia tu kazi ya kuiua.

Gari zenyewe zilizoundwa kwa ajili ya Japani usukani uko kulia, eksozi iko kushoto, kwa hiyo upande wa tabo nafasi ipo ya kutosha, nguzo ya usukani haikubani. Wenzetu wa usukani wa kushoto wanahangaika sana hapo.

Saa mbili tabo iko mezani. Imekuja na basi kutoka Dar, haijafika hata laki sita, ya Kichina isiyo na jina linalojulikana, saizi ile wanayoita T25. Watu wengi wanaogopa tabo za hivi kwa sababu ni rahisi, mimi siogopi bei, naogopa mtu anayeitoa kwenye boksi akaifunga hapohapo. Hii lazima uikague kila sehemu. Dogo anashika shafti anaitikisa, mkono wa kushoto na kulia inacheza kidogo, hiyo ni kawaida maana bearing zake ni za bushi zinaelea kwenye oili, halafu namwambia sasa ivute mbele na nyuma, hapo isisogee. Haikusogea. Tukafungua nyumba zote mbili za tabo na ndani kwenye njia ya oili tukakuta chenga za chuma za kiwandani, nyembamba kama mchele uliovunjika, hizo zingeingia zingekwangua bushi siku ya kwanza tu. Tukaosha na petroli, tukapuliza na kompresa, tukaosha tena mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Halafu westigeti. Hiki ni kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ili tabo isipandishe presha bila kikomo, na kwenye tabo rahisi ndo sehemu ya kutokuiamini kabisa. Muuzaji aliandika psi 7 (psi ni kipimo cha presha, kama cha matairi). Tukachukua mpira wa kompresa na geji ya kujazia matairi, tukapandisha taratibu, kilango kikaanza kusogea kwenye psi 11. Kumi na moja! Kwa compression hii na petroli yetu hiyo ni kutoboa pistoni. Uzi wa fimbo inayosukuma kilango ulikazwa kupita kiasi, tukaulegeza kidogokidogo tukipima kila mara, mpaka kikafunguka kwenye psi 6 na bado kinafunga vizuri chenyewe. Zoezi lote hilo halikumaliza hata saa nzima, na sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Saa nne tupo kwenye menifoldi ya eksozi, ile inayoshika tabo kwenye injini. Nimeweka rula ya chuma juu ya uso wake, mwanga unapita katikati, yaani imepinda. Tukaisugua kwa msasa juu ya kioo kinene mpaka ikakaa, kazi ya kutoa jasho. Dogo huku anasugua anauliza, mbona Scania zinazobeba saruji zinapita hapo na tabo kubwa, presha mara tatu nne ya hii, na hazitoboi pistoni? Swali zuri sana hilo. Nikamjibu, kwenye dizeli inabanwa hewa peke yake, mafuta yanaingia mwishoni ndo moto unawaka, kwa hiyo hakuna cha kuwaka kabla ya wakati. Petroli inaingia imeshachanganyika na hewa, ukibana sana na joto likipanda ule mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, injini inagonga, na kugonga huko kukiendelea ndo pistoni inapasuka. Ndo maana tuna rejeta ya hewa pale mbele, hewa ikibanwa inapata moto na joto la Mtwara linajulikana, lazima ipoe kabla ya kuingia ndani. Na ndo maana nimeweka plagi za baridi hatua moja zaidi, BKR7E, na gepu nimelipunguza, presha ikipanda cheche inapata shida kuruka gepu kubwa.

Saa sita kasoro tabo imekaa kwenye gari. Oili ya kuingia tumeichukua kwenye bloku pale penye sensa ya presha ya oili, upande wa kulia juu ya filta, tukaweka T na mpira uliosukwa waya unapita nyuma ya injini kwenda kushoto, mbali na eksozi. Oili ya kutoka ndo nimeikazania. Inashuka kwa uzito wake tu, haina pampu, inatoka imejaa povu, kwa hiyo bomba lazima liwe nene, lisiwe na kona ya kupanda, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukikosea hapo oili inajaa kwenye tabo, inapita kwenye sili, gari inatoa moshi wa bluu halafu watu wanasema tabo ya Kichina mbovu. Nyingi zinasingiziwa kwa sababu ya bomba.

Shem akafika hapo, kabeba petroli kwenye galoni na furaha yake yote. Akazunguka gari, akainama, akaniambia, "Fundi, sasa shem, tukiipa psi 15 si itakimbia kweli?"

Nikamwambia shem hapana. Sita.

"Hata kumi?"

Hapa panakuwa pagumu maana ni shemeji, amemuoa mdogo wangu, pesa ni yake na gari ni yake. Nikakaa naye kwenye tairi chini ya mwembe nikamchorea kwenye boksi la tabo. Hewa tunayovuta hapa pwani ina presha ya psi 14.7. Ukiongeza 6 juu yake umeipa injini karibu asilimia 40 ya hewa zaidi, na hewa ikiongezeka na petroli lazima iongezeke hivyohivyo. Nguvu inaweza kupanda mpaka kwenye farasi 160 hivi kwenye gari isiyofika tani. Hiyo ni gari tofauti kabisa shem, na injini inabaki nzima. Ukitaka 15 basi tunafungua chini, tunabadilisha pistoni na konektingi rodi, na bei inakuwa nyingine. Akanyamaza muda, akasema haya, wewe ndo fundi. Nilimshukuru sana kwa hilo, si kila mteja anasikiliza.

Saa saba tukaswali, tukala. Msimu huu ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, ipo, mama mmoja anapita na beseni imechemshwa, na chumvi na pilipili, tukanunua tukala na samaki wa kukaanga. Mtu wa kutoka bara asiyeijua ming'oko nampa pole.

Saa nane. Kabla ya kuwasha tuliziba mdomo wa tabo tukaingiza hewa kwenye mabomba yote, tukapulizia maji ya sabuni kila maungio. Kilipu mbili zilikuwa zinatoa mapovu, tukakaza. Halafu tukachomoa plagi ya waya wa sensa ya kemu, ile inayoiambia kompyuta injini imezunguka wapi, nyuma ya silinda hedi, bila hiyo injini haipati cheche wala mafuta, tukapiga stata vipindi vifupivifupi mpaka geji ya oili ikapanda na bomba la kurudi likatoa oili. Tabo ikiwaka kavu imekwisha, shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, haiwezi kusubiri oili ije.

Saa tisa ikawaka. Kwanza moshi kila mahali, ni mafuta ya mikono yetu na rangi ya menifoldi inaungua, shem akashtuka nikamwambia tulia. Baada ya muda ukaisha. Dogo kashika tochi anatafuta matone, hakuna. Tukaiacha ipate moto, tukazima, ikapoa, tukakaza nati zote za menifoldi tena, maana chuma kikipata moto mara ya kwanza kinatanuka na nati zinalegea.

Sasa niwaambie pesa ilikokwenda, kwa sababu watu wanaona tabo chini ya laki sita wanadhani kazi ni laki sita. Gari hii inapima hewa kwa kile kilango cha kusukumwa na upepo, kikishafunguka mwisho kompyuta ya asili haijui tena hewa ngapi imeingia, na nozeli zake ziliwekwa kwa ajili ya farasi 120 tu. Kwa hiyo tumeweka nozeli kubwa, kompyuta ya MegaSquirt inayosoma presha yenyewe kwenye menifoldi ya kuingizia hewa, na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye eksozi. Hivyo vitatu vimeizidi tabo bei mara kadhaa. Na kama pesa haitoshi, mimi nasema nunua hivyo kwanza endesha bila tabo, tabo itakuja, kuliko kufunga tabo ukategemea bahati.

Saa kumi na nusu tukaingia barabara ya Mikindani, mimi naendesha, shem kwenye siti ya pili na laptopu mapajani nimemfundisha namba moja tu ya kuisoma kwa sauti. Dogo kabaki gereji kwa huzuni, siti ni mbili. Mpaka tunatoka mjini sikuikanyaga kabisa, nikaacha oili ipate moto. Pale barabara inaponyooka na hakuna mtu nikaweka gia ya tatu nikaanza kukandamiza polepole. Kwenye mizunguko kama elfu tatu unasikia mluzi mwembamba, halafu mgongo unaegemea siti. Shem anasoma, kumi na mbili, kumi na moja nukta nane, kumi na moja nukta nane, na sauti yake inapanda. Hapo ndo penyewe, sehemu 11.5 mpaka 12 za hewa kwa moja ya petroli ndo salama presha ikiwepo. Ilipopita elfu tano akasema kumi na tatu, yaani petroli imepungua, mguu nikautoa hapohapo. Tukapaki pembeni chini ya mbuyu, bahari ya Mikindani inaonekana pale chini, nikaongeza petroli kwenye vyumba vya juu vya ramani, lile jedwali la petroli kwenye kompyuta, na moto wa plagi nikauchelewesha kidogo zaidi. Tukarudia. Kumi na moja nukta tisa mpaka mwisho. Presha psi 6, haikuzidi. Gari bado inakata kona vilevile, nyepesi, na ukitoka kwenye kona sasa inakuvuta. Shem alikuwa hasemi kitu anacheka tu, na mimi vilevile.

Saa moja usiku tupo gereji. Niliiacha inaunguruma taratibu kabla ya kuzima, oili iendelee kupoza bushi. Shem alitaka aondoke nayo akamwonyeshe mke wake, nikamwambia dada mwambie aje aione hapa. Funguo nimebaki nazo. Kesho asubuhi gari ikiwa baridi tunakaza nati za menifoldi mara ya mwisho, naangalia oili na maji, ndo nakabidhi. Na baada ya kilomita 500 airudishe tumwage oili, filta nitaichana niangalie kama kuna chuma ndani.