Jukwaani na Mzee wa Wasdale

Nauli ya treni kutoka London hadi Seascale, kijiji cha pwani huko Cumbria, ingenitoa Dar hadi Moshi na kunirudisha, na nyama choma ya Korogwe juu. Waandaaji waliahidi kunirudishia. Nimeacha kuuliza. Chumba nilichopangiwa kilikuwa na kipasha joto kilichozimwa saa tatu usiku, Novemba ile, na mwenye nyumba alikunja uso nilipoomba blanketi la pili.

Nilialikwa kuzungumza kwa sababu ujanani nilibeba mizigo Kilimanjaro, njia ya Machame. Mikutano ilikuwa ya kuwachangia waokoaji wa milimani, watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Simu ikilia usiku wanaacha vitanda na kupanda gizani kumtafuta mgeni aliyeteguka mguu. Mwenzangu jukwaani alikuwa gwiji wa mbio za milimani, mfuga kondoo mstaafu wa bonde la Wasdale, hukohuko Cumbria. Jina lake aliniomba nisilitangaze.

Nilikuja na picha za Kibo na mita zake 5,895. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, una mita 978, kimo ambacho Moshi mjini hatukitofautishi sana na kitanda. Basi projekta ikagoma. Kijana mmoja aliizima, akaiwasha, akaipiga kofi la ubavuni, haikuwaka. Nikaeleza barafu ya Kibo kwa mikono, mbele ya watu waliovaa makoti ndani ya ukumbi.

Kisha mzee akasimama bila karatasi, akaanza na kondoo. Herdwick, kondoo wa asili wa milima ile, huzaliwa weusi, wakikua wanageuka kijivu, na hukaa kwenye sehemu yao ya mlima bila uzio kwa kuwa mwanakondoo hufundishwa mipaka na mama yake. Hapo ndipo akaingia kwenye mbio: hupewi njia, unapewa vilele, ramani na dira, ukungu ukishuka shauri yako. Akamtaja Bob Graham, aliyepita vilele 42 ndani ya saa 24, mwaka 1932. Akamtaja Joss Naylor, mfuga kondoo wa bonde lilelile, aliyefariki 2024: mbio zake za kwanza, mwaka 1960, alikimbia na mabuti ya kazi na suruali aliyoikata magotini. Mgongo ulishapasuliwa na madaktari, lakini mwaka 1975 akapita vilele 72 ndani ya saa 24, na Malkia akampa nishani mwaka uliofuata. Alipofika miaka 50 akamaliza vilele 214 vya Lake District, eneo zima la milima ile, kwa siku saba na ushee. Mzee akavua kiatu na soksi, palepale jukwaani, akatuonesha dole gumba ambalo ukucha umeng'oka mara nyingi hadi umekata tamaa. Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nimeshahama kimawazo.

Nilikuwa kwetu, na wapagazi. Kilo 20 za mgeni, begi lake mwenyewe juu, anampita mtalii njiani, anasimamisha hema, na mtalii akifika chai imechemka. Akishuka anarudi kwenye migomba yake. Nani amewahi kumshikia saa? Simon Mtuy, mkimbiaji wetu wa milimani, tunaye: mwaka 2006 alipanda na kushuka Kilimanjaro peke yake kwa saa 9 na dakika 20 hivi. Nimewahi kumtaja kijiweni Moshi, nikaulizwa anachezea timu gani.

Mkutano wa pili projekta iliwaka, watu wakawa wachache. Mama mmoja akamuuliza mzee kama angependa kupanda Kilimanjaro. Mzee akanigeukia: je, ataruhusiwa kubeba mzigo wake mwenyewe? Nikamjibu, mzee wangu, huo mzigo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, ukiubeba wewe umemnyang'anya kazi. Akafikiri kidogo, akasema basi atakwenda, ila wamwekee na mawe ndani, mshahara wa mpagazi uongezeke.